Yai la Chura Lina Pua

Yai la chura lina pua. Mmeisikia leo mkacheka, na siwalaumu, maana mtu akisikia yai limepewa pua hudhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Mnataka kujua imetoka wapi. Imetoka Nyamkele, bonde la mpunga lililo kando ya mto, na mwanamke aliyeitamka mara ya kwanza hakuwa na nia ya kuwaachia watu methali. Alikuwa akitafuta vyura tu. Mambo yalianza namna hii.

Mwanamke huyo aliitwa Semeni binti Mkumba. Alikuwa mjane, umri umesogea kidogo lakini nguvu zake anazo, na konde lake la mpunga lilikuwa mwisho kabisa wa bonde, mahali ambapo maji huchelewa kukauka. Alilirithi kwa mama yake, na mama yake alilirithi kwa mamaye. Semeni alikuwa msafi kupita kiasi. Alifagia uwanja mara mbili kwa siku, na kuku wa jirani walipofika mpakani mwa uwanja huo walisimama kwanza wakafikiri. Vyungu vyake alivisugua kwa mchanga na majivu mpaka watu wakamwambia atavitoboa.

Kando ya konde lake kulikuwa na dimbwi lisilokauka mwaka mzima, na dimbwi hilo ndilo lililokuwa na vyura wa upande ule wa bonde. Vyura walikula panzi na viwavi, na mpunga wa Semeni ukapona. Hakuna aliyewashukuru. Chura nani amshukuru? Watu walilalamika tu kwamba wanapiga kelele.

Mwaka mmoja mto ulifurika, na maji yalipopungua yakaacha kambare dimbwini. Kambare si mgeni wa siku mbili. Walikaa, wakazaana, wakawala viluwiluwi wote waliotoka mayaini. Vyura wazee wakafa, wachanga hawakuja, na kelele zikaisha. Msimu huo mpunga ulipochipua, panzi na viwavi waliula wote. Msimu wa pili ikawa vivyo hivyo.

Sasa Nyamkele palikuwa na kanuni. Konde lisilovunwa miaka mitatu mfululizo lilichukuliwa na kupewa mtu mwingine, kwa sababu bonde lilikuwa dogo na watu walikuwa wengi. Mgawa makonde, Mzee Mtulia, alikwenda kumwona Semeni akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nakuonea huruma. Lakini kanuni sikuitunga mimi. Msimu ujao ukipita bila mavuno, konde litakwenda kwa wengine." Semeni alimwitikia vizuri, akamsindikiza mpaka njiani, kisha akarudi ndani akakaa juu ya kinu akalia. Hakuwa na mtoto, mume alikuwa kaburini, na konde lile ndilo lililobaki la kumwambia kwamba alikuwa na kwao.

Alianza kwa kutaka kuwatoa kambare. Akamwita Ngwele, mvuvi na mbanika samaki kutoka kijiji cha Mtoni, aje kutega migono. Ngwele alitega, akapata kambare wengi, na wote walikuwa wake kama walivyokubaliana. Lakini kambare ni mjanja wa tope. Ukimtoa mmoja, wawili wamejizika chini wanangoja uondoke.

Lazima niwaeleze kuhusu Ngwele huyu. Watu wa Nyamkele na watu wa Mtoni walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, kuchukua jembe lako na kukurudishia mpini, hata kulala kwenye jeneza lako akidai umemwachia deni la ugali. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unatoa kuku, tena kuku anayemchagua yeye. Basi Ngwele alimwita Semeni "bibi msafi", na Semeni alimwita Ngwele "uvundo", kwa sababu nguo zake zilinuka moshi na samaki hata akitoka kuoga. Walizoeana hivyo na kila mmoja aliona raha yake.

Mvua za vuli ziliponyesha, Semeni aliona jambo njiani. Kwenye vidimbwi vidogo vya barabarani, vyura wa mbali walikuwa wametaga. Mayai yalielea ndani ya utando unaoteleza kama mlenda wa bamia, kila yai na kidoa chake cheusi. Vidimbwi vile havikai hata wiki, jua likiwaka vinakauka na mayai yanakufa. Akasema moyoni, haya nikiyaachia njia itayaua, nikiyatia dimbwini kambare atayala. Nitayalea mwenyewe nyumbani, wakishakua na kupata nguvu ya kukimbia nitawatia dimbwini.

Akaenda na kata yake, akachota mayai taratibu akayagawa katika vyungu vinne vya mdomo mpana. Vyungu alivisugua mpaka vikang'aa. Maji aliyotia yalikuwa ya mvua, aliyoyakinga kwa kitambaa yasiingie hata jani. Akavipanga uwanjani kivulini na kuvifunika kwa kaniki safi, akamwambia jirani, "Hawa sitaki waone ubaya wowote mpaka wakue." Jirani akaenda zake akicheka. Mwanamke analea mlenda!

Siku ya pili asubuhi Semeni alikwenda kutafuta kuni. Nyuma yake Ngwele akapita akitoka dimbwini na kambare watano. Aliwapasulia pale pale ukingoni mwa uwanja, kwa kusudi, ili bibi msafi akirudi akute uchafu wa utani. Kambare hana magamba ya kukera mtu. Ila Ngwele alijua alichokuwa nacho: matumbo, na ndani ya matumbo viluwiluwi tele waliosagika, wale waliosombwa na mvua kutoka njiani hadi dimbwini. Akawasuuza kambare ndani ya bakuli la mti. Yale maji yakawa ya kijivu na harufu yake hata inzi alisita.

Akainua macho akaona vyungu vinne vimefunikwa kama maharusi. Utani ukamwasha. Akafunua cha nne akamimina humo bakuli zima, akafunika tena vizuri, akakaa chini kungoja.

Semeni alifika na mzigo wake wa kuni. Kabla hajautua, pua yake ilishamwambia.

"Shikamoo, bibi msafi," akasema Ngwele.

"Marahaba, uvundo. Umenifanyia nini hapa?"

"Nimekusaidia mapishi. Nimeona vyungu vinne havina kitoweo, nikasema maskini mtani wangu, ngoja nimuungie japo kimoja."

Semeni akafunua chungu cha nne. Alisimama pale na kaniki mkononi, na midomo ikaanza kumcheza.

"Ngwele, wewe..."

"Ehe, malizia. Mimi nataka yule kuku wa madoa, anayeatamia."

"Sijakasirika."

"Mbona midomo inatetemeka?"

"Inatetemeka kwa furaha," akasema Semeni, na machozi yalikuwa yamefika kopeni.

Ngwele akaondoka akicheka mpaka njia panda. Semeni alikuwa amekasirika hasa, nisiwafiche. Lau si yule kuku wa madoa, angemfuata na gogo la kuni. Lakini kuku alikuwa mmoja tu, na mayai kumi na moja chini yake. Hasira hasara, akaimeza. Alitaka kuyamwaga mayai ya chungu kile, akaona ni kujikomoa mwenyewe, maana vidimbwi vya njiani vilishaanza kukauka. Akakiburuta nyuma ya jiko, peke yake. "Kaa huko na uvundo wako," akakiambia.

Kesho yake mvua ilinyesha. Semeni aliyamwaga maji yale machafu akayabakisha mayai kwenye kitambaa, akasugua chungu mara tatu, akatia maji mapya. Aliinama akanusa. Hakikunuka kitu. Siku iliyofuata viluwiluwi wakaanza kutoka katika vyungu vyote vinne, wadogo kama mbegu za ufuta zenye mkia. Akawalisha majani ya mchicha yaliyochemshwa. Wale wa vyungu vitatu aliwatembelea asubuhi na jioni, akawasemesha. Wale wa nyuma ya jiko aliwatupia majani akapita.

Baada ya wiki tatu walikuwa wamenenepa na vyungu vimewabana, kila siku asubuhi alikuta wawili watatu wamekufa kwa msongamano. Akaona wakati umefika. Alichukua vyungu viwili vya kwanza, kimoja kichwani, kimoja mkononi, akaenda dimbwini jua likiwa limechomoza. Ngwele alikuwa pale akikagua migono yake.

Semeni akamimina chungu cha kwanza, kisha cha pili. Viluwiluwi walitawanyika katika maji ya wazi, wakicheza juani, hawana habari. Ilikuwa inapendeza kuwatazama. Kisha maji yakatikisika. Sharubu zikatokea, mdomo mpana ukafunguka, ukafunga. Ukatokea mwingine. Viluwiluwi hawakukimbia. Wengine walikwenda wenyewe kuzigusa zile sharubu, kama watoto wanaomsogelea mgeni aliyekuja na andazi. Haikuchukua muda mrefu, dimbwi likatulia na hapakuwa na kitu juu yake.

Semeni akapiga magoti kwenye tope, yeye ambaye hakuwahi kukaa bila mkeka. Ngwele naye aliacha migono akaja kusimama karibu, na utani ukamwisha mdomoni.

"Bibi," akasema, "una vingine?"

"Kimebaki kimoja cha wema. Na kile cha kwako cha uvundo."

"Kalete kile changu. Hao hata wakiliwa hutawalilia."

Semeni alikwenda akaleta vyote viwili, kwa sababu hakuwa na la kufanya jingine. Akachota kata moja kutoka chungu cha nne akaimimina ukingoni. Viluwiluwi walipoyagusa tu maji ya dimbwi, walizama. Wote kwa pamoja walikwenda chini kwenye mizizi ya matete, wakatulia tuli, hata mkia haukutikisika. Kambare mmoja alipita juu yao akipapasa kwa sharubu. Akageuka, akapapasa tena, akaenda zake. Muda ukapita. Maji yalipotulia, viluwiluwi wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakila ukoga kando kando ya mizizi, hawaendi katikati.

"Umeona nilichoona?" akauliza Semeni.

"Nimeona, ila sijaamini."

Semeni hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa mara moja. Alichota maji ya dimbwi, akadondosha kidogo katika chungu cha tatu. Viluwiluwi wa humo wakaendelea kucheza. Akadondosha kidogo katika chungu cha nne. Wakazama wote kama kokoto. Akangoja wakapanda, akajaribu tena kwa maji ya mtungi aliyokuja nayo kunywa. Hawakujali. Akarudia ya dimbwi, wakazama.

"Ngwele, ulipowamwagia yale maji yako, hawa walikuwa nini?"

"Walikuwa mlenda na vidoa, bibi."

"Walikuwa na macho?"

"Hata mkia hawakuwa nao."

"Na maji yale mimi niliyamwaga kabla hata mmoja hajaanguliwa. Nikasugua chungu mara tatu. Unanijua nikisugua."

"Nakujua. Ulikaribia kukitoboa."

"Basi harufu ya kambare waliiweka wapi?"

Ngwele akajikuna kichwa. Alikuwa mvuvi, na mvuvi hufikiri kwa harufu. "Yale maji hayakuwa na harufu ya kambare peke yake," akasema polepole. "Matumboni mwao mlikuwa na viluwiluwi waliosagika. Ilikuwa harufu ya mla na ya aliyeliwa, pamoja. Hawa wako ndani ya yai wakazisikia zote mbili, wakajua zinakwenda pamoja."

Semeni alikuwa akiwafikiria wale wa vyungu viwili, aliowafunika kaniki safi, aliowasemesha asubuhi na jioni. Ilimuuma, kwa sababu aliwapenda. "Mimi niliwafunika wasione ubaya," akasema. "Kumbe niliwafunika wasijue. Nikadhani aliye ndani ya yai hayupo duniani bado." Akafuta tope kwenye goti. "Yai la chura lina pua, Ngwele."

"Lina pua," akaitikia Ngwele, "tena inayoishinda yako."

Chungu cha nne alikimimina chote, na wengi wakasalimika; cha tatu akakirudisha nyumbani. Lakini chungu kimoja hakitoshi konde zima. Mvua za vuli zilikuwa hazijaisha, vyura walitaga tena njiani, na Semeni akarudi na kata yake. Safari hii watu wa Nyamkele waliona ajabu ambayo walisimuliana mwaka mzima. Bibi Semeni, mwenye uwanja ambao hata jani lilianguka kwa adabu, alikwenda mwenyewe Mtoni na bakuli, akasimama mlangoni kwa Ngwele akabisha hodi, akasema, "Nimekuja kuomba uvundo." Ngwele alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akampa, akambebea mpaka nyumbani, na vyungu vitatu vya mayai vikaungwa vyote, mbele ya uwanja, saa za mchana, jirani wakiziba pua.

Masika yalipofika vyura walikuwa wameshajaa dimbwini. Walianza kuimba jioni ya kwanza ya mvua, na Semeni alitoka nje akasimama kwenye manyunyu kuwasikiliza. Alipanda mpunga. Panzi walikuja kama kawaida yao wakakuta wenye nyumba wamerudi. Mpunga ulisimama, ukatoa masuke, ukainama. Siku ya kuvuna Mzee Mtulia alikuja na fimbo yake, akapita kwenye tuta kutoka mwanzo hadi mwisho wa konde, akakwanyua suke moja akalitafuna.

"Semeni," akasema, "konde hili ni lako, na sitarudi tena kulitazama."

Semeni akalia mara ya pili, na safari hii hakujificha ndani.

Kapu la kwanza la mpunga mpya alilipeleka Mtoni, kwa mke wa Ngwele aitwaye Mwanahawa, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba. Ngwele aliposhukuru kwa adabu, Semeni alimwambia akae kimya, hakuja kwa ajili yake. Akamwinamia Mwanahawa, akalisogelea tumbo na mdomo wake, akasema kwa sauti kubwa:

"Wewe mtoto wa uvundo! Unanisikia? Mimi ndiye mtani wako. Ukizaliwa na harufu ya baba yako, sikubebi ng'o!"

Mwanahawa akacheka mpaka akajishika kiuno. "Bibi jamani, huyu bado hajazaliwa. Utani wa nini?"

"Yai la chura lina pua," akajibu Semeni. "Sitaki anione siku hiyo akadhani mimi ni mgeni."

Tangu hapo kila baada ya siku mbili tatu alikwenda. Hakuketi sana. Alilitukana tumbo kwa maneno yale yale, akanywa maji, akarudi bondeni. Watu wa Mtoni wakazoea.

Mtoto alizaliwa, wa kike, na alikuwa mlizi. Siku ya saba ya kumtoa nje wanawake walijaa uwanjani, na mtoto akapiga yowe. Akapewa ziwa, akalikataa. Bibi yake akambembeleza, shangazi akamwimbia, Ngwele akamrusharusha mpaka akanyang'anywa. Alilia hadi akawa mwekundu, na Mwanahawa naye macho yakaanza kumlengalenga.

Semeni alikuwa amechelewa. Alisikia kelele tangu njia panda, akaingia uwanjani akitweta na kusema kwa sauti ile ile, "Wewe mtoto wa uvundo! Unanisikia?"

Mtoto akanyamaza. Akafunga mdomo, akageuza uso kuelekea ile sauti, akatulia, akisubiri.

"Endelea, bibi," akasema Mwanahawa kwa sauti ndogo. "Anakungoja."

"Ukizaliwa na harufu ya baba yako, sikubebi ng'o," akamalizia Semeni, huku mikono yake imeshanyooka kumpokea. Akampakata, akamnusa utosini. Mtoto alikuwa ananuka moshi wa kambare kuliko baba yake.

Hakuna aliyeuliza tena maana ya ile methali ya Semeni. Walioitamka walikuwa wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja akimwambia jirani yake: yai la chura lina pua.